Refa Avae Rangi Gani? Somo Kutoka Kiwanja cha Namatala



Mechi moja ya vijana huko Namatala, Mbale, ilivunjika kabla ya filimbi ya mwisho, na chanzo chake kilikuwa kizibao cha mazoezi. Nilikuwepo. Shirika letu ndilo lililoandaa mechi hiyo ya kirafiki kati ya vijana wenyeji na vijana wakimbizi wanaoishi mjini, na mimi ndiye niliyebeba mfuko wa vifaa. Wakimbizi walikuja na jezi zao za njano zilizochujuka. Refa, kijana wa mtaani aliyejitolea, hakuwa na sare. Nikatoa mfukoni kizibao kilichobaki, nikampa. Kilikuwa cha njano.

Kipindi cha pili, wenyeji wakiwa nyuma kwa bao moja, beki wa wakimbizi alibanwa karibu na lango lake. Akainua macho, akaona njano kulia kwake, akapasia. Aliyekuwa pale ni refa. Mpira ukamgonga mguuni, ukamwendea mshambuliaji wa wenyeji, naye akaupeleka wavuni. Lakini filimbi ilikuwa imekwisha kulia. Refa alilikataa bao na kuamuru mpira wa kudondosha.

"Refa ni wao! Si mnaona amevaa jezi yao?" Sauti hiyo ilitoka upande mmoja wa kiwanja, na muda mfupi baadaye watu walikuwa wamekwisha kuingia ndani. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mwenyekiti wa LC1 na wazee wa pande zote mbili waliwahi kusimama katikati. Mechi haikuendelea. Wiki nzima iliyofuata, vijana tuliowaita ili wazoeane walikuwa hawasalimiani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tangu mwaka 2019 sheria za soka zinasema kuwa mpira ukimgusa mwamuzi na kubaki kiwanjani, kisha timu nyingine ikaupata, mchezo husimamishwa na mpira hudondoshwa. Ikiwa ni ndani ya eneo la penalti, hupewa kipa wa timu inayolinda. Refa wetu aliijua sheria hiyo. Watazamaji wengi hawakuijua, na shati lake lilikuwa limekwisha kuwapa maelezo mengine.

Kwa nini jambo hili linakuhusu

Wengi wenu mnasoma makala hii mkiwa Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Bidibidi, mbali na Mbale. Namatala si makazi ya wakimbizi yaliyotengwa na serikali. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa viwanda wa jiji la Mbale, karibu na mto wenye jina hilo hilo. Wanaishi humo Wagisu, Wateso, Wakaramoja na watu wengine wengi, hata kabla hujawahesabu wakimbizi waliokuja kutafuta maisha mjini. Lakini kila penye wakimbizi na wenyeji kuna kiwanja, na kila mwaka ifikapo Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, huandaliwa mechi kama ile yetu. Tunasema mpira unajenga amani. Unaweza kujenga, mradi watu wa pande zote waamini kwamba mwenye filimbi si wa upande wowote.

Sheria inasema nini

Sheria ya 4 ya soka haimpangii refa rangi moja. Inachotaka ni watu watofautishwe: timu mbili zivae rangi tofauti, na tofauti pia na za waamuzi. Kila kipa avae rangi isiyofanana na ya wachezaji wengine wala ya waamuzi. Makipa wawili wakifanana na hakuna mwenye shati jingine, refa anaruhusiwa kuacha mchezo uendelee. Ruhusa hiyo ni ya makipa tu.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi: refa alivaa nyeusi. Timu nyingi hazikuvaa nyeusi, basi hakukuwa na mgongano. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza mwaka 1992, marefa wake walivaa kijani. Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani likawatoa marefa kwenye mazoea ya nyeusi na kuwapa mashati ya rangi mbalimbali. Leo refa wa ligi kubwa ana mashati kadhaa begani, na huchagua baada ya kujua timu zitavaa nini. Refa wa Namatala ana shati alilotoka nalo nyumbani.

Utafiti unasema nini

Je, rangi inaweza kubadilisha uamuzi wenyewe? Watafiti wameliuliza swali hili, hasa kuhusu rangi za wachezaji. Mwaka 1988 Frank na Gilovich wa Marekani walionyesha kuwa timu zilizovaa nyeusi katika ligi za huko za mpira wa Kimarekani na magongo ya barafuni ziliadhibiwa zaidi. Walipowaonyesha watu video za mchezo ule ule, rangi ya jezi ikiwa imebadilishwa, waliouona ukichezwa na waliovaa nyeusi waliuona kuwa wa fujo zaidi.

Mwaka 2005 Hill na Barton waliandika kuhusu Olimpiki ya Athens ya 2004. Katika ndondi, taekwondo na mieleka, ambako nyekundu na buluu hugawiwa bila kuchagua, waliovaa nyekundu walishinda takriban asilimia 55 ya mapambano. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwaonyesha marefa 42 wa taekwondo video zilizobadilishwa rangi kwa kompyuta. Mpiganaji yule yule alipata pointi nyingi zaidi, kama asilimia 13, alipoonekana kavaa nyekundu.

Usikimbilie kununua jezi nyekundu. Baadaye mashindano makubwa mengi, ya kuanzia 1996 hadi 2020, yalipounganishwa katika hesabu moja, faida ya nyekundu ilikaribia kutoweka. Ninachokichukua katika tafiti hizi ni kwamba jicho la mwamuzi linaweza kudanganyika kidogo pale anapoamua kwa haraka. Mafunzo na sheria zilizo wazi hupunguza nafasi ya kudanganyika.

Kuonana uwanjani nako kuna habari yake. Aprili 1996 Manchester United walikwenda Southampton wakiwa na jezi za kijivu. Hadi mapumziko walikuwa wamefungwa 3-0. Wakabadilisha jezi, na mechi ikaisha 3-1. Kocha wao, Alex Ferguson, alisema wachezaji walishindwa kuonana kwa sababu kijivu kilipotelea katika rangi za watazamaji. Unaweza kukiita kisingizio. Lakini mimi nimemwona beki akimpasia refa, kwa hiyo sicheki tena.

Rangi za hapa kwetu

Nchini Uganda kuna jambo ambalo tafiti hizo hazikuligusa. Rangi hapa zina wenyewe. Njano ni ya chama tawala cha NRM. Nyekundu ni ya NUP, na kofia nyekundu za bereti zilizua mvutano mkubwa hadi serikali, mwaka 2019, ikaziweka katika orodha ya mavazi ya jeshi. Buluu ni ya FDC. Kila uchaguzi ukipita, kama ule wa Januari 2026, fulana za kampeni hubaki mitaani. Ni za bure na bado mpya, na kijana asiye na shati la michezo huzivaa bila kukusudia lolote.

Kwa mkimbizi, uzembe huo una gharama. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kushiriki shughuli za kisiasa nchini. Refa mkimbizi mwenye fulana ya mgombea mgongoni anajiweka mahali pabaya, hata kama shida yake ilikuwa shati tu. Sheria ya 4 nayo inakataza maneno na picha za kisiasa kwenye vifaa vya wachezaji. Ni busara refa naye ajipime kwa kipimo hicho.

Kuna rangi nyingine tusiyopenda kuitaja sisi wa mashirika: yetu wenyewe. Tunapenda kumvika refa fulana yenye nembo ili picha zitoke vizuri. Uganda imeweka utaratibu kwamba sehemu ya misaada, kwa kawaida asilimia 30, iwafikie jamii za wenyeji. Hata hivyo wenyeji wengi bado wanaamini kuwa mashirika ni ya wakimbizi. Anayeamini hivyo akimwona refa na nembo yetu, atamhesabu kuwa mchezaji wa kumi na mbili wa wakimbizi. Na picha ninazozihitaji mimi kwa kazi yangu hazina thamani ya kumhatarisha mtu mwenye filimbi.

Unachoweza kufanya kabla ya mechi ijayo

1. Siku moja kabla, uliza rangi nne: za timu mbili na za makipa wawili. Shati la refa liwe rangi ya tano.
2. Anza na nyeusi isiyo na maandishi. Timu moja ikivaa nyeusi au buluu iliyokolea, refa avae rangi ya kung'aa ambayo hakuna mwingine aliyenayo. Hata kizibao cha dereva wa boda boda kinafaa, kama hakina jina la kampuni wala chama.
3. Jezi za timu zikifanana, moja ivae vizibao, na sarafu iamue ni ipi. Si aibu. Kwenye Kombe la Dunia la 1978 huko Argentina, Ufaransa na Hungaria zilifika uwanjani zote na jezi nyeupe. Ufaransa ikaazima jezi za mistari ya kijani na nyeupe za klabu ya mtaani iitwayo Kimberley, ikashinda 3-1.
4. Mvua ikinyesha, fikiria matope. Nyeupe na njano zikishapakwa tope huwa rangi moja.
5. Kabla ya kuanza, refa awaite manahodha mbele ya watazamaji, aseme ametoka wapi na awataje washika vibendera. Mshika kibendera mmoja atoke kwa wenyeji, mwingine kwa wakimbizi.

Mechi yetu ilirudiwa baada ya mazungumzo na kamati za pande zote mbili. Refa alikuwa yule yule. Mimi nilitaka tumbadilishe ili kupoza mambo, lakini nahodha wa wenyeji alikataa. Alisema kijana hakukosea sheria, basi kumwondoa ni kumwadhibu kwa kosa la mtu mwingine. Alinitazama aliposema hivyo. Safari hii refa alivaa shati jeusi la kuazima, lililomzidi mabega. Watu walimzomea kwa kuotea, wakamzomea kwa penalti aliyoinyima. Hakuna aliyetaja shati lake, na mechi ilifika dakika ya tisini.