Heshima Haizaliwi Mahakamani

Mnamo Novemba 1966, vijana wa Walinzi Wekundu waliuvamia mji wa Qufu, mashariki mwa China. Walivunja masanamu na kufukua makaburi ya ukoo wa Confucius, mwanahekima ambaye, kwa mapokeo, alizaliwa huko mwaka 551 kabla ya Miladia. Kwao, mafundisho yake yalikuwa mabaki ya ukale yanayostahili kufutwa.

Ndugu msomaji, tazama jinsi mambo yalivyogeuka! Novemba 2013, Rais Xi Jinping alizuru mji huohuo, na Septemba 2014 akahutubia hadhara mjini Beijing katika kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mwanahekima huyo. Chama kilichompiga vita sasa kinamtukuza.

Sababu haijifichi. Tangu mageuzi ya mwaka 1978, China imepata mali nyingi, lakini vijana wamehamia mijini na wazee wengi wamebaki vijijini peke yao. Ndipo ikatungwa sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inayowataka watoto wanaoishi mbali kuwatembelea wazazi wao au kuwajulia hali mara kwa mara. Singapore ilikwisha tangulia: kuanzia mwaka 1984 maadili ya Confucius yalifundishwa katika shule za sekondari, na mwaka 1995 ikapitishwa sheria inayomruhusu mzazi kumdai mwanawe matunzo.

Hatusemi kwamba sheria hizo hazina faida. Mzee mwenye njaa hawezi kungoja nyoyo zibadilike. Lakini mahakama inaweza kumlazimisha mtoto kutoa fedha. Haiwezi kumpa huruma. Heshima inayosubiri hati ya hakimu imekwisha toka nyumbani zamani.

Lipo na jambo zito zaidi. Confucius hakufundisha utiifu wa upande mmoja. Alimtaka mtawala aongoze kwa mwenendo wake mwema kabla ya kuamrisha, na mtoto amnasihi mzazi kwa upole anapokosea. Mencius, aliyemfuata, aliwaweka wananchi mbele ya mtawala. Anayehuisha utiifu wa wadogo na kuunyamazia wajibu wa wakubwa amehuisha nusu ya mafundisho, tena nusu inayompendeza.

Korea Kusini inatupa mfano wa kuzingatia. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliupinga utaratibu uliomfanya mwanamume kuwa mkuu wa kaya kisheria, na mwaka 2008 ukaondolewa. Hata hivyo, kila msimu wa Chuseok mamilioni ya watu hurejea kwa wazee wao. Dhulma imepunguzwa, na heshima haikufa.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto anayemwona baba yake akimhudumia bibi kwa upole hahitaji kusomewa sheria. Na asiyeyaona hayo nyumbani, ni sanamu gani ya mwanahekima itakayomfundisha?