Kamera Ipimwe Kolo

Msomaji wangu, hapa Dodoma kuna neno moja linaloniudhi, nalo ni megapikseli. Mtembelee mpiga picha aliyenunua kamera mpya: hujaketi, umekwisha kuambiwa anazo ngapi. Ofisi moja ninayoifahamu ilipotaka kununua kamera, kikao kizima kilijadili namba hiyo. Hakuna aliyeuliza kamera ni ya kazi gani.

Sina ugomvi na kamera kubwa za kitaalamu. Nikon D850, iliyotoka mwaka 2017, ni chombo cha kuheshimika. Ina pikseli milioni 45.7, yaani 8,256 kwa upana na 5,504 kwa kimo. Picha yake ikichapwa kwa ubora wa kitabu hujaza karatasi ya karibu sentimita 70 kwa 47. Lakini hebu tuulizane, picha hizo zinakwenda wapi? Arusi inapigwa Jumamosi, Jumapili picha zinarushwa kwa WhatsApp, ambayo kwa njia yake ya kawaida huzipunguza zikabaki na sehemu ndogo tu ya pikseli hizo. Ni sawa na kukodi lori la tani kumi kwenda kuchukua ndoo moja ya zabibu.

Tena namba yenyewe inahadaa. D800 ya mwaka 2012 ilikuwa na pikseli milioni 36.3. Kufika 45.7 ni ongezeko la zaidi ya robo, na muuzaji hulitangaza hivyo. Lakini ukihesabu kwa upana, zimetoka 7,360 zikafika 8,256, ambayo ni asilimia 12 tu. Asilimia hizo 12 humezwa na mkono uliotikisika kidogo au na lenzi hafifu. Humezwa pia na tundu la lenzi lililobanwa mno, maana ukipita f/11 hivi mwanga wenyewe hutawanyika na mistari ikafifia. (Vumbi letu la kiangazi sitalisema sana. Anayebadilisha lenzi penye upepo wa Dodoma atayaona madoa yake mwenyewe.)

Kama mtu anataka kweli kujua kamera yake inaweza nini, aipeleke Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa. Michoro ya miamba ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna watu wembamba warefu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, na kuna michoro meupe ya watu waliokuja baadaye, mingine imepakwa juu ya ile ya kwanza. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 jina lake linasema wazi kuwa sanaa hii inatoweka. Jua, maji yanayotiririka mwambani, vumbi na mikono ya watu havijapumzika tangu siku hizo.

Hapo ndipo kila pikseli ina kazi. Chukua ukuta wa mwamba wenye upana wa mita mbili. D850 kwa picha moja huupa kila milimita pikseli nne. Kamera ya pikseli milioni 24, yenye upana wa pikseli 6,000, huipa tatu. Lakini mwenye kamera hiyo ndogo akisogea karibu na kuupiga ukuta vipande vya nusu mita, anapata pikseli 12 kwa kila milimita! Kwa stendi imara na uvumilivu amemshinda mwenye kamera ya bei mbaya aliyepiga picha moja akaondoka.

Kubwa zaidi ni usafi wa rangi. Rangi iliyofifia leo huweza kufufuliwa kwa programu ya DStretch, iliyotungwa na Jon Harman, bila kuugusa mwamba wala kuumwagia maji. Programu hiyo huvuta tofauti ndogo za rangi zisizoonekana kwa macho. Huvuta na uchafu pia: chenga za picha iliyopigwa penye mwanga haba kwa ISO ya juu, na vijisanduku vya faili la JPEG lililobanwa. Kwa hiyo sifa ya kusifiwa katika D850 ni kwamba hushuka hadi ISO 64 na huhifadhi faili ghafi lenye rangi zake zote. Sifa hiyo sijamsikia muuzaji yeyote akiitaja.

Nitaambiwa kwamba mpiga picha wa arusi anatafuta chakula cha watoto, hana siku ya kwenda kupiga mawe. Ni kweli. Lakini ofisi zinazonunua kamera hizi kwa fedha za umma hazina watoto wa kulisha. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, inapita pale Kolo. Kinachotakiwa ni kibali cha Mambo ya Kale, ruhusa ya wazee kwa yale mapango ambayo Warangi bado wanafanyia matambiko, rula na kadi ya rangi za kulinganishia ndani ya kila picha. Pia iandikwe stendi ilisimama wapi, ili mwingine baada ya miaka kumi asimame papo hapo, na faili ghafi zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja. Kamera zenyewe zimo makabatini tayari, zinangoja semina ijayo.