Wakuu wa Tekoa

Fungua Nehemia sura ya 3. Humo wametajwa waliojenga ukuta wa Yerusalemu: makuhani, mafundi dhahabu, hata Shalumu na binti zake. Watu wa Tekoa nao wamo, ila wakuu wao walikataa kujitwika kazi. Wadogo wakajenga sehemu mbili bila wao.

Siku hizi wakuu hao wangepewa vyeo: mkurugenzi wa mawe, naibu wake, mratibu wa chokaa na kamati ya kumtathmini mbeba zege. Ukuta ukichelewa, wangekaa semina hotelini, walipane posho, kisha waazimie kumpunguza mbeba zege ili kubana matumizi.

Unacheka? Tazama ofisini kwako, hata usharikani. Kamati ni ngapi, na wanaofagia ni wangapi? Mlinzi amelipwa mwezi huu?

Nehemia alikuwa liwali miaka 12 bila kula posho ya uliwali, na watumishi wake walishika kazi ukutani. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Kesho Jumatatu, wewe uliyekabidhiwa cheo, kabla hujaitisha kikao kingine, uliza: nani anabeba jiwe hapa, na je, watoto wake wamekula?