Ruloti ni ya kazi inayohama. Kazi inayokaa inadai nyumba

Wandugu wafanyakazi wa mugodi, na ninyi wamama na watoto munaobaki ku nyumba wakati baba iko ku shantie, leo tunataka tuzungumuze juu ya usingizi.

Mu Haut-Katanga na mu Lualaba, kazi ya kutafuta mawe haikai fasi moja. Ekipe ya sondaji inapiga matundu wiki mbili huku, wiki tatu kule, kisha inafunga mashine na kwenda. Kwa ekipe kama ile, makompani mengine, zaidi yale ya sutretansi, yanaleta ruloti: kanyumba kadogo ka magurudumu kanakokokotwa nyuma ya gari, kenye vitanda, fasi ya kupikia, na kama kuna bahati, choo. Wandugu wanatuuliza ku sindika: tuikubali, ao tuikatae?

Sisi hatuna vita na ruloti. Kwa mutu aliyezoea kulala mu hema wakati wa mvula, ruloti nzuri ni heshima. Vita yetu ni na ruloti iliyochaguliwa mu biro, juu ya bei peke yake, na mutu asiyeenda kulala ndani. Na vita kubwa zaidi ni na ruloti inayowekwa fasi ambapo kazi itakaa miaka kumi.

Wazee wetu walijua tofauti hii. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza na watu wa mikataba mifupi, waliolalishwa vibaya mu makambi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mupango: iliona kwamba mufanyakazi anayeishi na muke na watoto mu nyumba anabaki ku kazi, na anatumika vizuri. Haikufanya vile juu ya mapendo. Ilifanya hesabu. Nyumba za makambi yale zikapita mu mikono ya Gécamines, na mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watu wangali wanalala ndani mpaka leo. Sasa tuulize: ni ruloti gani itakayolalisha wajukuu wetu?

Kwa hiyo ulizo la kwanza, mbele ya kuangalia magurudumu na vitanda, ni hili: kazi inahama ao inakaa? Kama inahama, tuzungumuze ruloti. Kama inakaa, tunadai nyumba ao feza ya nyumba. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka nyumba, ao feza ya nyumba, kando ya mushahara. Patro asikuambie kwamba kile kitanda cha ruloti ni sehemu ya malipo yako. Na muke wako na watoto waliobaki mu muji hawalali mu ruloti. Tunadai feza yao ya nyumba isiguswe juu wewe uko ku pori.

Ulizo la pili: watalala watu wangapi, na kwa zamu gani? Hapa njo udanganyifu mukubwa unapita. Muuzaji anasema ruloti ni ya watu wane. Angalia vizuri: vitanda viwili ni vya kweli, na viwili vingine ni meza inayoshushwa usiku na kuwekewa matela. Familia inayoenda kutembea siku mbili inaweza kufurahi nayo. Mutu aliyesimama saa mingi ku mashine ya sondaji atavunjika mugongo. Na tumeona mu shantie moja kitanda kisichopoa: wa usiku anaingia wakati wa muchana anatoka, shuka moja, jasho la watu wawili. Shirika la Kazi la Dunia, mu shauri lake namba 115 la mwaka 1961 juu ya nyumba za wafanyakazi, linaweka mambo ya chini kabisa kwa watu wanaolala pamoja mbali na familia zao: kila mutu kitanda chake, wanaume na wanawake fasi mbalimbali, maji safi ya kutosha, choo na njia ya maji machafu, na hewa ya kutosha. Hii si anasa. Kwa hesabu ile, ruloti ndogo ni ya watu wawili. Wakiwa wane, ziletwe mbili. Na leo wamama wako mu kazi, majeolojia, wapishi, washofere. Ruloti yao iwe ya kwao, na funguo ikae mu mikono yao.

Ulizo la tatu: njia. Ruloti nyingi za kutembeza familia zilitengenezwa kwa lami. Ukiivuta mu njia ya udongo, mu mashimo ya mvula, misumari inalegea, milango haifungi tena, vumbi inaingia ku kila pembe. Kwa njia zetu inatakiwa ile iliyoinuka juu ya udongo, yenye chuma nzito chini na magurudumu makubwa. Ekseli moja ni nyepesi na inageuka kwa urahisi fasi finyu. Ekseli mbili zinatulia zaidi ku mwendo lakini zinaongeza uzito. Kwa ekipe ndogo inayoingia mu pori, sisi tunapendelea ekseli moja yenye nguvu.

Kisha uzito. Ku kila ruloti kuna kibati chenye namba mbili: uzito wake ikiwa tupu, na uzito wa mwisho ambao haupaswi kupita. Toa ya kwanza mu ya pili, utapata ile inayobaki kwa vitu vyenu. Tuseme mufano: uzito wa mwisho ni kilo 1300, tupu ni kilo 950. Zimebaki kilo 350. Tangi ya maji ya litre 100 peke yake ni kilo 100, juu litre moja ya maji ni kilo moja. Ongeza chupa za gesi, matela, gunia la unga, masanduku ya watu, na kisha shefu anasema, "Tieni hapa hata vyuma vya sondaji." Uzito umeshapita. Ruloti ni ya kulala watu. Vyuma viwe na remorke yao. Na gari inayovuta nayo ina namba yake mu vitabu vyake. Shofere aisome, na akisema "haitawezekana," asiandikiwe barua ya kosa.

Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli. Ukivijaza nyuma, ruloti itacheza mukia ku mwendo na inaweza kuangusha gari yote. Ukizidisha mbele, mbele ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi. Freni za ruloti ziangaliwe mbele ya kila safari. Mipira pia: ku ubavu kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, ule mupira ulitoka ku kiwanda wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama unang'aa sawa mupya. Na jambo moja tusilizungumuze mara mbili: ruloti ikitembea, hakuna mutu ndani. Hata mugonjwa, hata aliyetoka zamu ya usiku.

Tunaongeza neno kwa zile zinazoingia na Kasumbalesa, zilizotumika Afrika ya Kusini. Kule magari yanapita upande wa kushoto, na mulango wa ruloti uko upande ule, ku ukingo wa njia. Huku kwetu tunapita kuume. Ukisimamisha ruloti kando ya njia, ule mulango unafunguka upande wa makamio. Mutu anatoka na usingizi, anakanyaga ku njia ya makamio ya kobalti. Kwa kazi ya pori si neno, lakini ku njia kubwa ni kifo. Kama kompani imenunua ile, iandikwe: hakuna kusimama kulala kando ya barabara. Na kwa ruloti ya zamani, ingia ndani ukanyage kila pembe. Mbao ikilegea chini ya muguu, ao ukisikia harufu ya ukungu, maji yameshaingia. Rangi mupya haiponyeshi mbao iliyooza.

Ulizo la nne: joto, baridi na hewa. Mwezi wa kumi, mutu wa zamu ya usiku anaingia kulala saa mbili ya asubui. Mu ruloti ya bati tupu, ku saa sita anaiva sawa mukate. Hatalala, na usiku atarudia ku mashine inayozunguka. Ajali nyingine zinaanzia mu kitanda. Tudai ukuta na paa vyenye kitu cha kuzuia joto ndani, madirisha pande mbili ili hewa ipite, yote na wavu wa mbu usiopasuka. Malaria haina zamu.

Mwezi wa sita na wa saba ni kinyume: usiku baridi inaumiza, na watu wanaingiza babula. Wandugu, hapa tunawaomba kama vile mutu anaomba mutoto wake. Makala inayowaka mu kanyumba kaliyofungwa inatoa hewa isiyo na harufu, isiyo na rangi, inayoua mutu akiwa mu usingizi. Jirani anakuja asubui kuamusha, hapati jibu. Grupu nayo inatoa hewa ile ile: iwekwe mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi inje ya kambi. Jiko la gesi ni la kupikia, si la kupasha moto nyumba. Chupa ikae inje ya fasi ya kulala, tundu za hewa zisizibwe na matambara. Kama kuna baridi, kompani itoe mablanketi ya kutosha. Blanketi halifikii bei ya sanduku la maiti.

Ulizo la tano ni usafi. Vumbi ya sondaji ina chembe za mawe zinazoharibu mapafu polepole, na mutu anakuja kujua wakati hakuna tena dawa ya kurudisha. Ukiingia na nguo za kazi mu ruloti ndogo, unalala ndani ya kazi. Inatakiwa turubai pembeni ya mulango, fasi ya kuvua nguo na buti, maji ya kunawa, kisha njo unaingia. Choo kidogo cha ndani kinafaa usiku, lakini mutu mumoja lazima amwage tangi yake kila mara, fasi iliyochimbwa mbali na mutoni na kisima. Kama hakuna anayelipwa kwa kazi ile, baada ya wiki moja kile choo kitakuwa ugonjwa. Tuchague basi ruloti isiyo na choo, na kompani ichimbe choo cha kweli kila fasi tunayosimama.

Tunajua wakubwa watasema nini. Watasema: "Ninyi watu wa sindika, munataka hoteli ku pori." Watasema bei ya koba imeshuka. Ikipanda, hatujasikia wakisema kitu. Jibu letu ni ile hesabu ya Union Minière: mutu aliyelala anatumika, mutu ambaye hakulala anavunja mashine, ao mashine inamuvunja. Ruloti moja mbaya inaonekana rahisi siku ya kununua. Hesabu yake ya kweli inaandikwa ku hospitali.

Kwa hiyo, wadelege, mujue kazi yenu. Musingoje ruloti ifike ku shantie. Mambo ya usalama na usafi wa fasi ya kazi yana komite yake mu kompani. Mulete jambo hili mule mbele feza haijatoka, na muombe liandikwe mu prose-verbali. Mutume watu wawili wa ekipe, wale watakaolala ndani, waende kuangalia. Wapande ku kitanda, wajinyooshe, wafunge mulango na madirisha, wakae nusu saa wakati wa jua. Wakitoka na jasho, muko na jibu. Na muandike ku karatasi moja: ni ya shantie gani, ya watu wangapi, kwa miezi mingapi. Ile ya mwisho njo kubwa. Ruloti isiyo na tarehe ya kuondoka inaota mizizi, na magurudumu yake yanazama mu udongo mpaka yanakuwa musingi wa nyumba mubaya.

Na ninyi wamama, baba akirudi mapumziko, mumuulize si feza tu. Mumuulize analala wapi, na watu wangapi, na nani aliyechagua. Kama hana jibu, mumutume kwetu.