Nyumba ya babu nayo itafute kibarua!

Leo twende Delhi, India, tena bila viza wala nauli.

Kama umekulia kwenye picha za Kihindi, ile nyumba unaijua. Mlango mzito wa mbao, katikati ua usio na paa, juu roshani zimezunguka pande zote, na mama mkwe amesimama pale anamfokea bi harusi. Nyumba ya namna hiyo inaitwa haveli, na wala si ya kwenye sinema tu. Matajiri walizijenga kweli, na ule ua haukuwa wa mapambo. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, kivuli kinabaki chini, na kinamama wanapunga upepo bila macho ya wapita njia. Kiyoyozi cha bure!

Sasa balaa huanza mzee akishafariki. Watoto watano, kila mmoja anataka chake. Huyu anapiga ukuta katikati ya sebule, yule anapangisha duka chini. Juu yake kuna sheria ya Delhi ya mwaka 1958 iliyobana kodi, kwa hiyo mpangaji wa zamani analipa vijisenti, na mwenye nyumba haoni sababu ya kuziba paa. Mali ya wote, fundi hana wa kumlipa. Mvua inamaliza kazi.

Ila wapo waliogoma kuliacha jumba lianguke. Mwanasiasa Vijay Goel na mwanawe Siddhant walichukua Haveli Dharampura, jumba la mwaka 1887 lililochakaa katika vichochoro vya Chandni Chowk. Ukarabati ulikula miaka 6. Mwaka 2016 likafunguliwa kama hoteli yenye mgahawa, na mwaka 2017 likatajwa kwa heshima katika tuzo za UNESCO za Asia na Pasifiki.

Miaka 6 ya nini, utauliza? Si mchezo, ndugu yangu. Haveli za Delhi zimejengwa kwa vitofali vyembamba viitwavyo lakhori, vikashikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali. Mafundi wa zamani walitia hata sukari guru! Chokaa inapumua, unyevu unatoka. Ukija na saruji yako ya haraka haraka, unyevu unabaki ndani, tofali laini linamumunyuka, na rangi mpya inabanduka kabla hujamaliza kutamba. Halafu kuna vyoo. Zamani hapakuwa na bafu kila chumba, na mgeni wa leo bila bafu lake halali. Kila bomba ni tundu kwenye ukuta wa karne nzima, kwa hiyo fundi anapima kwanza, nyundo baadaye.

Wapo wanaonuna: nyumba ya ukoo iuze chai kwa watalii? Mimi nasema afadhali iuze chai kuliko kuuzwa kifusi. Na si lazima iwe hoteli. Kule Fatehpur, Rajasthan, ambako wafanyabiashara walihamia miji mikubwa na kuacha majumba yao kwa walinzi, mchoraji Mfaransa Nadine Le Prince alinunua haveli ya mwaka 1802 na kuifanya nyumba ya sanaa.

Hata hapa kwetu mambo hayo yapo. Mwaka uleule wa 1887, Tharia Topan, tajiri aliyetokea Kutch, India, aliweka jiwe la msingi la jengo ambalo Zanzibar inalijua kama Dispensari ya Kale. Lilichakaa nalo, hadi taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati miaka ya 1990.

Kwa hiyo wewe kijana uliyerithi nyumba na ndugu zako sita, kabla hamjaita tingatinga ili mjenge ghorofa la vioo, kaeni chini. Msianze na nani achukue chumba kipi. Anzeni na hili: nyumba hii itafanya kazi gani ya kujilipia paa lake? Mkishindwa kulijibu, mtagawana vyumba leo na kifusi kesho.