Tuwe Mashahidi, Tusiwe Warusha Mawe

Yowe la "mwizi!" likipigwa mtaani hapa Tanzania, mambo huenda mbio kuliko akili. Kijana anakimbizwa, anajikwaa mtaroni, jiwe la kwanza linampata kichwani. Mmoja analeta tairi chakavu, mwingine anakuja na petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kesho yake taarifa inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari inaishia hapo. Kwa miaka mingi ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu mamia ya watu waliouawa kwa namna hii. Wananchi hao hawakushuka kutoka mbinguni. Ni majirani zetu, na wengi wao Jumapili husali Sala ya Bwana wakiomba kusamehewa kama wanavyosamehe. Ndiyo maana wito huu unaelekezwa kwanza kwa parokia, sharika na jumuiya ndogondogo: tuamue kwa pamoja kwamba mtaa wenye Wakristo hautamuua mtu aliyekwisha kukamatwa.

Sura ya nane ya Injili ya Yohana inasimulia juu ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, akaletwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe. Tumezoea kuisoma kama habari ya upole tu, lakini ni habari ya sheria pia. Torati iliwahukumu wazinzi wote wawili, mwanamume na mwanamke; siku ile mwanamume hakuonekana. Torati ilidai pia mashahidi wawili au watatu, na ikaagiza mkono wa shahidi utangulie kurusha, ili anayesema uongo aibebe damu yeye mwenyewe. Yesu alipotaka asiye na dhambi atangulie, aliuondoa uamuzi mikononi mwa umati, akamrudishia kila mtu wa kwake. Waliokuja kwa pamoja wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Nguvu ya kundi la wauaji ni kwamba hakuna anayetajwa jina. Mtu akibaki na dhamiri yake, mkono unalegea. Wala Yesu hakusema kwamba uzinzi si kitu. Alimwambia mwanamke yule aende, asitende dhambi tena. Kosa alilitaja, kifo alikikataa.

Atakayesema hayo ni ya uzinzi, wizi ni jambo jingine, na afungue Kutoka sura ya 22. Mwizi wa ng'ombe aliyemchinja au kumuuza alitakiwa alipe ng'ombe watano, na wa kondoo alipe kondoo wanne. Mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba, akafa, aliyempiga hakuhesabiwa damu. Lakini jua likishachomoza, damu ilihesabiwa. Hata katika sheria hiyo ya kale, yenye adhabu ya kifo kwa makosa mengi, anayejihami gizani hakuwekwa kapu moja na wanaomuua mtu ambaye tayari wamemshika. Sheria zetu zinafuata njia hiyo. Ibara ya 14 ya Katiba inalinda uhai wa kila mtu, na ibara ya 13 inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Mwizi wa simu hanyongwi Tanzania. Aliyeua kwa kukusudia ndiye anayeweza kunyongwa kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, si mwizi, na walioungana kumchoma mtu wanaweza kujikuta wote katika kosa hilo. Kwa hiyo umati unaodai kutetea haki huanza na kosa la mtu mmoja, tena la mali, ukaishia kwenye kosa la wengi, tena la damu.

Na umati hukosea hata kumjua mkosaji. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wa kilimo waliotoka Arusha kuchukua sampuli za udongo walidhaniwa ni wanyonya damu. Watafiti wawili na dereva wao waliuawa, wakachomwa moto. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa uvumi huo ulitangazwa hata kwa kipaza sauti cha kanisani. Huko Usukumani nako, kwa miongo mingi, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali moshi wa kuni na samadi wanayopikia miaka yote unatosha kuyafanya mekundu. Nani kati ya waliowaua Chamwino alitaka kwanza kujua wageni wale ni akina nani? Yesu alipoonya juu ya kutafuta kibanzi katika jicho la mwenzako wakati lako lina boriti, hakuwa anazungumzia adabu tu. Alisema kwamba mwenye boriti haoni sawasawa, na asiyeona sawasawa hafai kuwa hakimu.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito: ukimpeleka kibaka kituoni leo, keshokutwa unapishana naye sokoni. Rushwa ipo na upelelezi huchelewa. Hakuna sababu ya kuficha. Lakini mara nyingine huyo yuko nje kwa dhamana, ambayo ni haki ya kisheria, na kesi yake inaendelea. Mara nyingine kesi imefutwa kwa sababu mlalamikaji alichoka kuhudhuria na mashahidi hawakutokea. Tazama ajabu hii: watu mia wanapatikana kumpiga mtu saa tatu usiku, lakini wawili wa kwenda mahakamani kueleza walichokiona hawapatikani. Rushwa hustawi penye jalada lisilo na mwenyewe. Jalada linalofuatiliwa na watu kumi wa jumuiya moja, kila tarehe ya kesi, si rahisi kulipoteza.

Wengine husema kumhurumia mwizi ni kumdhulumu aliyeibiwa, na kwamba bila moto wezi hawataogopa. Mama lishe aliyeibiwa mtungi wa gesi na masufuria amepoteza riziki ya nyumba nzima, na asiwepo wa kumwambia hayo ni madogo. Injili yenyewe haisemi hivyo. Katika Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alikuwa akimdai mwenzake dinari 100, na dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Lilikuwa deni la kweli. Kosa lake halikuwa kudai, bali kumkaba mwenzake koo na kumfunga baada ya yeye kusamehewa makubwa zaidi. Pia moto haurudishi mtungi. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Angechomwa na wenye hasira kali wa Yeriko, nani angelipwa? Na kama moto ungekuwa dawa ya wizi, kwa jinsi tulivyochoma watu miaka yote hii, tungekuwa tunalala milango wazi. Za mwizi ni arobaini, sawa. Lakini siku hiyo ya arobaini na imfikishe mbele ya hakimu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila jumuiya ichague watu wazima wanaoheshimika, wanawake na wanaume, ambao yowe likipigwa watatoka pamoja, si mmoja mmoja, wamzunguke mtuhumiwa, huku wengine wakimpigia mwenyekiti wa mtaa na polisi kwa namba 112. Pili, jumuiya imsindikize aliyeibiwa kutoa maelezo kituoni, itoe mashahidi, na isimwache hadi hukumu itolewe. Tatu, kipaza sauti cha kanisa kisitumike kamwe kumtuhumu mtu, na kikongwe anayenong'onwa kuwa mchawi atembelewe na mchungaji au katekista hadharani, ili kijiji kijue hayuko peke yake. Nne, tusirekodi video za watu wakiuawa wala kuzisambaza. Hata anayesimama kando ana sehemu yake: Stefano alipopigwa mawe, Sauli hakurusha hata moja. Alitunza nguo za waliorusha, na baadaye, akiwa mtume, alikiri kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Majirani zetu Waislamu, ambao dini yao nayo inataka mashahidi kabla ya hukumu, tuwaalike kwa heshima tufanye kazi hii pamoja.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha za mfadhili au sheria mpya ya Bunge. Jumapili ijayo, katika matangazo, kila kanisa liulize nani wako tayari, liandike majina yao na kuyapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Tusisubiri yowe lipigwe ndipo tuanze kushauriana, maana wakati huo petroli itakuwa imekwisha kumwagwa. Wazee wa kanisa, tangulieni. Sisi wengine tutawafuata.