KUNG'ARISHA MENO: TUJUE TUNACHONUNUA

Biashara ya dawa za kung'arisha meno, ambayo ilishamiri kwanza katika nchi tajiri, sasa imebisha hodi mijini kwetu. Mwenye kuuza humwahidi mteja tabasamu jeupe kwa siku chache, na mteja hutoa fedha zake bila kuuliza dawa hiyo hufanya kazi gani ikishaingia kinywani. Hatuna ugomvi na mtu apendaye kupendeza. Lakini ni wajibu wetu kueleza yale ambayo muuzaji huyanyamazia.

Jino si jiwe. Chini ya gamba gumu la nje lipo tabaka la dentini lenye vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho, na katikati ya jino kimo kiini chenye damu, mishipa ya fahamu na seli ambazo kazi yake ni kujenga dentini maisha yote. Dawa itumiwayo ni hidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi, ambayo ikiwa kinywani huvunjika na kutoa hidrojeni peroksaidi hiyo hiyo. Kabamaidi ya asilimia 10, kwa mfano, hutoa kiasi cha asilimia 3.5. Dawa huvunjavunja chembe za rangi zilizomo ndani ya jino. Ubaya wake ni kwamba haiishii kwenye rangi. Wataalamu wamethibitisha kuwa hupenya gamba na dentini na kufika katika kiini kwa muda wa dakika chache.

Ikifika kidogo, seli hujitetea na jino hupona. Watumiaji wengi husikia meno yakitia ganzi wanywapo maji baridi, na kwa kawaida hali hiyo hutoweka baada ya siku kadhaa. Ikifika nyingi, kiini huvimba na baadhi ya seli hufa. Meno ya mbele ya chini, ambayo kuta zake ni nyembamba, ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Jino lenye tundu au ufa huipa dawa njia ya mkato. Ufizi nao huungua ukiguswa na dawa kali ya asilimia 35 au 40, ambayo daktari huitumia baada ya kuukinga ufizi huo.

Nchi za Umoja wa Ulaya hazikuliacha jambo hili mikononi mwa wachuuzi. Tangu mwaka 2012, dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya hidrojeni peroksaidi hupitia kwa daktari wa meno, haizidi asilimia 6, wala hapewi mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.

Hapa Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Ndugu zetu wengi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wana meno ya rangi ya kahawia. Chanzo ni madini ya floraidi yaliyozidi katika maji, na pengine katika magadi yatumiwayo kupikia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita; zipo chemchemi kandokando ya Mlima Meru zenye floraidi mara kadhaa ya kiasi hicho. Madhara humpata mtoto akiwa mdogo, meno yake yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Rangi hiyo haitoki kwa mswaki, na mara nyingi dawa huipunguza tu. Isitoshe, gamba lililoharibiwa na floraidi huwa na vitundu, hivyo si kizuizi madhubuti.

Kijana wa huko akichekwa ugenini hushawishika kusugua meno kwa mchanga, mkaa au limau, ama kununua dawa kali asiyoijua. Hapo ndipo mwalimu na mtumishi wa umma wanapohusika. Mwalimu amwonaye mwanafunzi akiziba mdomo kwa mkono anapojibu swali, na aliambie darasa zima kwamba ile ni alama ya maji, wala si uchafu. Mtumishi mwenye dhamana ya maji, naye ahakikishe kila kisima kinapimwa floraidi kabla ya kukabidhiwa kwa wananchi. Utaalamu upo: kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kuwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe huweza kuchuja floraidi katika maji ya kunywa na kupikia.

Na yeyote atakaye kung'arisha meno, aende kwanza kwa daktari wa meno, apimwe, na matundu yazibwe. Gamba la jino likishaliwa haliota tena. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.